James Young wa parafini: Mskoti aliyetajirika kwa mafuta kabla ya visima vya Marekani

Swali la msomaji, mwanafunzi wa kemia: "Nimesoma kwamba mafuta ya taa yaligunduliwa na Mskoti aitwaye James Young, na kwamba ndiye aliyemgharimia Livingstone safari zake za huku kwetu. Je, ni kweli? Na kama Uskoti wakati ule haikuwa na kisima hata kimoja, mafuta aliyatoa wapi na utajiri aliupataje?"

Ndugu msomaji, swali lako lina mambo mawili ya kweli na moja la kurekebishwa. Ni kweli Young alimchangia Livingstone fedha nyingi. Ni kweli pia alipata utajiri mkubwa wa mafuta bila kisima. Lakini hakugundua mafuta ya taa. Mjerumani Karl von Reichenbach alikuwa amekwisha kuitoa nta ya parafini kwenye lami ya miti mwaka 1830, na Mfaransa Selligue alikuwa akikeneka mafuta (kuyachemsha na kuupoza mvuke wake) kutoka kwenye mawe kabla Young hajajenga tanuri lolote. Alichofanya Young ni kupata namna ya kuyatoa mafuta kwenye makaa ya mawe kwa wingi, kwa usafi ule ule kila siku na kwa faida, kisha kuilinda kisheria. Ukitaka kumwelewa kama mfanyabiashara, fuatilia mambo matatu: kiwango cha joto cha tanuri, hataza yake ya 1850 (haki ya kisheria ya mvumbuzi), na tabia yake ya kutotupa chochote kilichotoka kwenye pipa.

Alizaliwa Glasgow tarehe 13 Julai 1811, mtaa wa Drygate, mtoto wa fundi seremala. Mchana alifanya kazi na baba yake, jioni akaenda kusikiliza masomo ya kemia ya Thomas Graham katika Chuo cha Anderson, chuo kilichofungua milango kwa vijana wa kazi za mikono. Graham akamfanya msaidizi wake. Hapo ndipo walipokutana na David Livingstone, kijana wa kiwanda cha pamba aliyekuwa akisomea utabibu. Chumbani kwa Young mlikuwa na benchi la useremala na mashine ya kukereza, na Livingstone alikuwa akipita humo kujifunza kutumia zana. Mtu mwingine wa kundi hilo alikuwa Lyon Playfair, ambaye baadaye alikuwa mwanakemia mashuhuri na mbunge. Shika majina haya mawili, maana bila Playfair hakuna mafuta, na bila Livingstone nadhani usingeuliza swali hili.

Mwaka 1837 Young alimfuata Graham London. Miaka miwili baadaye aliacha maabara ya chuo akaingia viwandani: kwanza katika kiwanda cha kemikali cha Muspratt huko Lancashire, halafu mwaka 1844 katika kile cha Tennant, Manchester, alikobuni njia ya kutengeneza chumvi ya bati moja kwa moja kutoka kwenye mawe yake kwa ajili ya watia rangi vitambaa. Wasimulizi wengi huiruka miaka hii, nami naiona ndiyo iliyomjenga. Kiwandani alijifunza hesabu ambazo chuoni hazikuwapo: tani moja ya malighafi inatoa nini, asidi inagharimu kiasi gani, masalia yanamwagwa wapi.

Desemba 1847 Playfair alimwandikia barua. Katika mgodi wa makaa wa Riddings, Derbyshire, mali ya shemeji yake Playfair, mafuta mazito yalikuwa yakichuruzika, na mwenye mgodi hakujua ayafanyie nini. Young alijaribu kuyakeneka akapata mafuta mepesi yaliyofaa taa, na mazito yaliyofaa kulainisha mitambo. Akaacha ajira, akaungana na msaidizi wake Edward Meldrum, wakafungua kiwanda kidogo pale pale. Chemchemi ilitoa takriban galoni 300 kwa siku, lakini haikudumu. Kufikia 1851 ilikuwa imekauka.

Hata kabla ya hapo Young alikuwa ameanza kujiuliza. Aliona mafuta yanadondoka kutoka dari ya mwamba wa mchanga mgodini, akafikiri kwamba joto la ardhini limeyapika makaa, mvuke ukapanda na kupoa huko juu. Wanajiolojia wa leo hawaelezi hivyo asili ya petroli. Nyingi hutokana na tope lenye mabaki ya viumbe wadogo wa majini. Hata hivyo fikra ile ilimpeleka kwenye jaribio sahihi: kama ardhi inaweza kupika makaa polepole, kwa nini tanuri lisiweze?

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yake, kwa hiyo tukae kidogo. Viwanda vya gesi vya wakati ule vilipika makaa ya mawe kwa moto mkali sana, kwa sababu vilitaka gesi ya kuwasha taa za mitaani. Moto wa namna hiyo huvunjavunja molekuli ndefu, nawe unabaki na gesi nyingi na lami chafu. Young alifanya kinyume. Katika hataza aliyoipata tarehe 17 Oktoba 1850 alieleza kwamba makaa yavunjwe vipande vya ukubwa wa yai la kuku au chini yake, yatiwe kwenye tanuri la chuma lililozibwa, na joto lipandishwe taratibu hadi chuma kianze tu kuwa chekundu, kisha lisipite hapo. Mvuke unapita kwenye bomba la kupozea lililozamishwa katika maji, kama bomba la mtambo wa gongo linavyopita kwenye pipa.

Maji hayo nayo yana sharti lake, ambalo wengi hulisahau: yasiwe ya baridi kupita kiasi. Young alitaja nyuzi 55 za Fahrenheit, yaani kama 13 za Selsiasi. Ukiyapoza zaidi ya hapo, nta iliyomo ndani ya mafuta inaganda na kuziba bomba, na bomba likiziba wakati tanuri linawaka, mvuke hauna pa kutokea. Kwa hiyo makosa ni mawili, moja kila upande: moto ukizidi unapata gesi badala ya mafuta, baridi ikizidi unaziba bomba.

Mafuta yanayotoka hapo ni meusi na yananuka. Usafishaji wake, kama ulivyoandikwa katika hataza, ulikwenda hivi. Mafuta hupashwa hadi nyuzi 150 za Fahrenheit (kama 66 za Selsiasi) na kuachwa yatulie ili maji na uchafu vizame, kisha hukenekwa. Kwa kila galoni 100 hutiwa galoni 10 za asidi ya salfuriki, yakakorogwa kwa saa moja na kuachwa saa 12. Asidi hukamata vitu vinavyoleta rangi na harufu, ikavivuta chini kama tope jeusi. Mafuta ya juu huhamishwa, yakatiwa galoni 4 za maji ya magadi makali kwa kila galoni 100, yakakorogwa tena saa moja na kutulia saa sita hadi nane. Magadi huondoa asidi iliyosalia pamoja na kreosoti, uchafu wa lami wenye harufu kali. Baada ya hapo hukenekwa mara nyingine, na sehemu nzito hupozwa hadi nta igande, ikachujwa kwa kitambaa na kukamuliwa kwa shinikizo.

Wewe unayesoma kemia utaona kila hatua ina sababu yake mezani kwa mtumiaji. Ukiruka asidi, taa inatoa moshi na utambi unafanya kaa. Ukiacha nafta, ile sehemu nyepesi inayovukika upesi, ndani ya mafuta ya taa, mvuke wake unajaa kwenye tangi la taa na kulipuka. Ukiacha mafuta mazito, hayapandi kwenye utambi, na mwanga unafifia usiku unapoendelea. Ndiyo maana sheria ya petroli ya Uingereza ya mwaka 1862 ilianza kuyapambanua mafuta kwa joto ambalo mvuke wake hushika moto, ikiweka mpaka kwenye nyuzi 100 za Fahrenheit. Mtu anayechakachua mafuta ya taa kwa petroli leo anarudisha hatari ile ile ndani ya koroboi ya jirani yake.

Malighafi nayo ilikuwa bahati ya pekee. Hugh Bartholomew wa kiwanda cha gesi cha Glasgow alimwonyesha Young makaa ya Torbanehill, karibu na mji wa Bathgate, magharibi mwa Edinburgh. Yaliitwa pia makaa ya boghead. Si makaa ya kawaida: yameundwa kwa kiasi kikubwa na mabaki ya miani, si miti, na ndiyo sababu tani moja ilitoa zaidi ya galoni 100 za mafuta ghafi. Galoni ya Kiingereza ni lita nne na nusu, kwa hiyo hizo ni zaidi ya lita 450.

Young na Meldrum walimwongeza mshirika wa tatu, Edward William Binney, mwanasheria wa Manchester aliyejua jiolojia, wakajenga kiwanda Bathgate, nacho kikaanza kazi mwaka 1851. Wengi hukihesabu kuwa kiwanda cha kwanza duniani cha mafuta cha kibiashara kweli kweli. Hiyo ni miaka minane kabla ya Edwin Drake kuchimba kisima chake Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859.

Miaka ya mwanzo kiwanda hakikuishi kwa mafuta ya taa. Kilichouzwa kwanza ni mafuta ya kulainisha mitambo, yaliyotakiwa sana na viwanda vya pamba vya Lancashire, na nafta, iliyotumika kuyeyushia mpira wa kupakwa kwenye makoti ya mvua. Mafuta ya taa na nta ya mishumaa viliingia sokoni kwa uzito mwaka 1856. Mafuta ya kuwasha hayana mnunuzi mpaka kuwe na taa ya kuyawasha, yenye utambi wa kupandisha mafuta na chemli ya kioo ya kuvuta hewa, na taa za namna hiyo zilikuwa ndiyo kwanza zinaenea Ulaya. Baadaye kampuni iliyobeba jina lake ilitengeneza hata taa zenyewe, katika kiwanda cha Birmingham. Kwangu mimi hapo ndipo unapomwona mfanyabiashara: hakung'ang'ania bidhaa moja, aliuza kile ambacho soko la mwaka ule lilikuwa tayari kununua, huku akiliandaa soko la bidhaa inayofuata.

Ukiuliza mishumaa na mafuta ya taa vinahusianaje, jibu ni kwamba vyote ni familia moja ya haidrokaboni, yaani misombo ya kaboni na haidrojeni. Zenye atomu chache za kaboni ni nafta, za katikati ni mafuta ya taa, zinazofuata ni mafuta ya kulainishia, na zile ndefu zinazoganda ni nta. Kwa hiyo pipa moja la Young lilizaa bidhaa nne.

Sasa mahakama. Hataza ilisema "makaa ya bituminasi". Je, kile kitu cha Torbanehill kilikuwa makaa kweli? Swali hili lilifika mahakamani Edinburgh mwaka 1853 kwa njia ya pembeni. Mwenye shamba, Gillespie, alikuwa amewakodisha akina Russel haki ya kuchimba makaa. Alipoona thamani ya kile kinachotoka, akadai si makaa, kwa hiyo hakimo kwenye mkataba. Wataalamu walipanda kizimbani siku kadhaa, wengine wakiapa ni makaa, wengine wakiapa siyo. Baraza la wazee wa mahakama (jury) likaamua upande wa Russel. Kesi haikuwa ya Young, lakini hukumu ya kinyume ingemnyima msingi wa hataza yake.

Kesi zake mwenyewe zilifuata. Mwaka 1860 aliishinda Clydesdale Chemical Company huko Edinburgh, na mwaka 1864 akawashinda akina Fernie, waliokuwa wakikeneka mafuta Wales kaskazini. Hoja ya wapinzani ilikuwa ile niliyoanza nayo: Reichenbach alitangulia, Wafaransa walitangulia, huyu amevumbua nini? Majaji walikubali kwamba kujua kuwa kitu kipo maabara si sawa na kuonyesha njia ya kukizalisha kwa wingi kwa ajili ya biashara. Naona hukumu hiyo ilikuwa ya haki, ingawa wapo wanahistoria wanaodhani hataza ilichorwa pana mno. Ng'ambo ya Atlantiki alipata hataza ya Marekani tarehe 23 Machi 1852, na wenye viwanda huko waliokuwa wakitoa mafuta kwenye makaa walilazimika kumlipa ada. Wakati petroli ya visima ilipofurika, wengi wa viwanda hivyo waligeuza mitambo yao kusafisha petroli, wakitumia asidi na magadi kwa mpangilio ule ule. Ukiingia katika historia ya usafishaji wa petroli Marekani, utakuta mkono wa Bathgate.

Hataza ilikwisha muda wake mwaka 1864, na ubia ukaisha wakati huo huo. Young alinunua hisa za wenzake, akajenga kiwanda kikubwa zaidi Addiewell, karibu na West Calder. Livingstone, aliyekuwa Uingereza kati ya Julai 1864 na Agosti 1865, ndiye aliyeweka jiwe la msingi. Mwaka 1866 Young aliiuza biashara yote kwa kampuni mpya ya hisa, Young's Paraffin Light and Mineral Oil Company, kwa pauni 400,000, fedha nyingi mno kwa enzi ile.

Aliuza wakati mzuri. Makaa ya boghead yalikuwa yakielekea kwisha, na waliobaki walilazimika kuhamia kwenye jiwe jeusi la tabaka-tabaka ambalo tani yake ilitoa galoni 30 hadi 40 tu. Mafuta ya Marekani yalikuwa yakishusha bei kila mwaka. Meldrum mwenyewe alijitenga na kuanzisha kiwanda cha Uphall. Kilichoiokoa sekta hiyo ya Uskoti ni kitu ambacho mwanzoni kilitupwa pamoja na maji machafu: nitrojeni. Kwa kupuliza mvuke wa maji ndani ya matanuri mapya, kama yale ya Henderson ya 1873 na ya Pentland ya 1882, walipata amonia nyingi, wakaigeuza kuwa mbolea ya salfeti ya amonia. Kuna miaka ambayo mbolea ndiyo iliyolipa mishahara.

Tuje kwa Livingstone. Urafiki wao ulidumu maisha, na Livingstone alimtania kwa kumwita "Sir Paraffin". Young alikuwa mmoja wa wadhamini wa fedha za Livingstone, akiangalia maslahi ya watoto wake wakati baba hayupo. Safari ya mwisho, iliyoanzia Unguja mwaka 1866, ilikuwa na mchango wa serikali wa pauni 500, wa Shirika la Kijiografia la Kifalme pauni 500, na wa Young peke yake pauni 1,000. Kwa hiyo kusema "alimgharimia safari zake" ni kuzidisha, maana safari ya Zambezi ya 1858 ilikuwa ya serikali. Lakini katika hii ya mwisho nusu ya fedha hizo za kuanzia ilitoka mfukoni mwa mtu wa mafuta. Livingstone alimlipa kwa heshima aliyokuwa nayo: katika ramani zake za Kongo, mto wa magharibi ya Lualaba, tunaoujua kama Lomami, aliuita Lualaba ya Young. Jina halikushika, na wakazi hawakuwa na haja nalo.

Livingstone alipopotea, Young aligharimia msafara wa kumtafuta kupitia mdomo wa mto Kongo, chini ya Luteni Grandy, ulioondoka mwishoni mwa 1872. Haukumfikia. Livingstone alifariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873, na wenzake wakaubeba mwili hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Jacob Wainwright, mmoja wao, alipelekwa Uingereza pamoja na mwili. Abdullah Susi na James Chuma, waliotumika naye miaka mingi zaidi, waliachwa bila nauli. Young ndiye aliyewalipia. Walifika baada ya mazishi ya tarehe 18 Aprili 1874, lakini safari yao haikuwa bure: walikaa na Horace Waller, mhariri wa madaftari hayo, wakimfafanulia majina, njia na matukio yaliyomo katika madaftari ya marehemu. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu miezi ile ya mwisho ilipita vinywani mwao, na nauli ile naihesabu kuwa fedha bora kuliko zote alizotoa Young.

Baada ya 1870 alijitoa katika uendeshaji wa kampuni, lakini si katika sayansi. Alikuwa rais wa Chuo cha Anderson kuanzia 1868 hadi 1877, akakipa pauni 10,500 za kuanzisha kiti cha kemia ya viwanda. Chuo hicho ndicho mzizi wa Chuo Kikuu cha Strathclyde. Alishauri chokaa itiwe katika maji yanayokusanyika ndani, chini kabisa ya meli za chuma, ili kupunguza kutu, na jeshi la majini likaufuata ushauri huo. Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, mwaka 1873. Pamoja na mwanafizikia George Forbes alipima kasi ya mwanga kuvuka mlango wa Clyde kutoka nyumbani kwake Kelly, wakapata kilomita 301,382 kwa sekunde, tofauti ya chini ya asilimia 1 na thamani tunayotumia. Walidhani pia kwamba mwanga wa buluu huenda haraka kuliko mwekundu hata angani tupu, na hilo halikuthibitika. Alifariki Kelly tarehe 13 Mei 1883, akazikwa Inverkip.

Kampuni iliyobeba jina lake iliendelea, ikaingizwa mwaka 1919 katika Scottish Oils, tawi la Anglo-Persian, kampuni ambayo leo ni BP. Uchimbaji wa jiwe la mafuta ulikoma mwaka 1962. Ukipata nafasi ya kufika, vilima vyekundu vya mawe yaliyokwisha kupikwa bado vimesimama kati ya West Calder na Broxburn, na makumbusho ya sekta hiyo yako Almond Valley, katika mji wa Livingston. Usidanganyike na jina la mji: halina uhusiano na daktari, ni la karne nyingi kabla yake. Ukitaka kumtafuta daktari maeneo hayo, nenda Limefield, nyumba ya Young huko Polbeth. Kwenye kijito chake alijenga maporomoko madogo kuiga yale ya Zambezi, na Livingstone alipanda mti hapo mwaka 1864.